Chasisi ya gari la zamani: kuchagua rangi itakayostahimili chumvi ya Pwani

Fundi mzoefu akiletewa Land Rover ya zamani iliyoishi Mombasa, haanzi kwa kuitazama rangi yake. Huingia uvunguni na nyundo ndogo. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa mlio mfu, kama debe lililojaa mchanga. Bisibisi ikizama mahali hapo bila kutumia nguvu, mwenye gari anajua kwamba pesa alizotenga kwa ajili ya rangi zitaanza kwa mchomeleaji.

Magari haya bado yanaonekana Mombasa na katika kaunti jirani za Kwale na Kilifi. Mengine yako kazini hadi leo, yakibeba nazi, mawe au vifaa vya uvuvi. Mengine yanafufuliwa kwa mapenzi tu, na hamu hiyo imechochewa na mashindano ya East African Safari Classic Rally, yaliyoanza mwaka 2003 kwa kumbukumbu ya Safari ya zamani iliyozaliwa 1953. Ni kweli kwamba Datsun na Porsche za mashindano hayo hazina chasisi inayotenganishwa na bodi, kwa hivyo mengi ya makala haya yanahusu Land Rover, Land Cruiser na pikapu za kale. Hata hivyo, mwenye gari lisilo na chasisi ya namna hiyo naye ana uvungu, na kutu haina ubaguzi.

Suala la rangi ya chasisi linaweza kuonekana dogo mno kwa jarida la kaunti. Lakini chasisi ndiyo inayoshikilia springi, injini na usukani. Ikikatika barabarani, anayeumia si mwenye gari peke yake. Vilevile, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma za afya, udhibiti wa uchafuzi wa hewa na vyuo vya ufundi vya vijiji. Rangi inayopulizwa gerejini huvutwa na mapafu ya kijana anayejifunza kazi, na masalio yake huishia mtaroni, kisha baharini.

Bodi ya alumini, mifupa ya chuma

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hivyo waundaji waliitengeneza bodi kwa aloi ya alumini, na chuma wakakiweka pale palipohitaji nguvu zaidi: kwenye chasisi. Mpango huo uliendelea katika Series II ya 1958, Series IIA ya 1961 na Series III iliyoanza 1971. Hapa nchini, Land Rover ziliunganishwa Thika na kampuni ya Leyland Kenya, katika kiwanda ambacho leo kinajulikana kama KVM.

Alumini haishiki kutu nyekundu. Ndiyo maana mnunuzi huona mlango mzuri, boneti nzuri, akalipa, kisha akagundua baadaye kwamba chini hakuna kitu. Chasisi yenyewe imeundwa kwa bamba za chuma zilizochomelewa pande nne hadi kuwa boriti yenye uwazi ndani. Uwazi huo ndio unaoleta balaa. Matope na mchanga huingia kupitia matundu, vijitundu vya kutolea maji huziba, na kutu huanza kazi upande ambao hakuna anayeuona. Kikulacho ki nguoni mwako: rangi ya nje inapovimba, mara nyingi chuma kilichobaki ni unene wa karatasi.

Chumvi huongeza kasi ya uharibifu huo kwa njia mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Pili, chumvi huvuta unyevu wa hewa. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, na asubuhi nyingi za Mombasa hupita kiwango hicho. Gari lililoegeshwa Nyali au Likoni linaweza kukaa mwezi mzima bila kunyeshewa na bado chuma chake kikawa kimelowa kila usiku.

Pale bodi inapofungwa kwenye chasisi kwa bolti, mambo hugeuka: alumini ikigusana na chuma mahali penye chumvi, inayoliwa ni alumini. Unga mweupe unaoonekana kuzunguka bolti ni dalili yake. Kwa hiyo rangi ya chasisi ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui, nayo ni kuzitenganisha metali hizo mbili. Kipande cha mpira au gaskiti katikati husaidia zaidi.

Sehemu za kukagua kwanza ni boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba kifaa cha kuvutia trela, kisha mikono ya pembeni inayobeba bodi, na mahali springi zinaposhikwa. Boriti ya mbele inahitaji jicho la pekee, kwa sababu kifaa kinachounganisha usukani na magurudumu kimepachikwa ndani yake, na kutu ikikibana, kukitoa ni kazi ya siku nzima.

Kabla ya kufungua mkebe

Hakuna rangi inayorudisha chuma kilichokwisha. Palipooza hukatwa hadi kufikia chuma kizima, kisha huchomelewa bamba jipya lenye unene unaolingana. Kuziba tundu la chasisi kwa puti au faiba na kulipaka rangi nyeusi juu ni ulaghai, na ni ulaghai unaoweza kuua. Mnunuzi yeyote anayekuta chasisi nyeusi inayong'aa kwenye gari lililochakaa kila mahali pengine ana haki ya kuwa na shaka, na sumaku ndogo mfukoni humtosha: haishiki kwenye puti.

Kabla ya kuchomelea au kukata kwa grainda, tangi la mafuta litolewe kabisa. Kwenye Land Rover nyingi fupi tangi hukaa chini ya kiti cha mbele, karibu mno na mikono ya chasisi. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Kisha huja usafi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Njia bora ya kufikia chuma kitupu ni kupuliza vumbi la kukwangulia kwa kompresa. Baadhi ya watu hutumia mchanga wa ufuoni kwa kuwa haununuliwi. Mchanga huo una makosa mawili. Una chumvi, kwa hivyo unapigilia ndani ya chuma kile kile kinachotakiwa kiondoke. Na kwa kawaida mchanga una silika, ambayo vumbi lake jembamba hukaa mapafuni na kuleta ugonjwa usiopona. Kuna vumbi maalumu la kazi hii lisilo na silika, kama vile ganeti. Asiyeweza kulipata atumie brashi ya waya, grainda na msasa, ingawa atachukua siku nyingi zaidi na hatafika kila kona.

Rangi za magari ya miaka ya 1960 na kurudi nyuma mara nyingi zilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Zisikwanguliwe kavukavu. Msasa wa maji huzuia vumbi kuruka; maganda yakusanywe kwenye turubai na kufungwa mfukoni, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwenye watoto wadogo, kwa kuwa hao ndio wanaodhurika zaidi na risasi.

Chumvi haiondoki kwa brashi. Huondoka kwa maji. Chasisi ioshwe kwa maji mengi, ndani na nje, mara mbili au tatu. Maji hayo yasitoke katika kisima cha maji chumvi, na visima vingi vya kisiwani ni vya namna hiyo. Maji ya mfereji au ya mvua ndiyo yanayofaa kwa suuzo la mwisho. Baada ya hapo chuma kikaushwe kwa hewa ya kompresa, kifutwe mafuta kwa thina na kitambaa safi, kisha kisiguswe kwa mkono mtupu.

Saa inaanza kuhesabu hapo hapo. Kwa hewa ya Pwani, chuma kilichokwanguliwa asubuhi kinaweza kuwa na wekundu mwepesi kufikia jioni. Kanuni ni rahisi: sehemu inayosafishwa leo ipakwe rangi ya kwanza leo. Kama mikono ni michache, chasisi igawanywe vipande.

Mikebe iliyoko dukani

Mkebe unaouzwa zaidi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni redi oksaidi. Wengi huamini kwamba wekundu wake ndio unaozuia kutu. Wekundu huo ni unga wa oksaidi ya chuma, ambayo kwa asili ni ndugu ya kutu yenyewe. Hauna nguvu yoyote ya kuzuia kutu mpya. Redi oksaidi za kale zenye kinga kali ziliipata kinga hiyo kutokana na risasi. Ya leo ni rangi ya kwanza ya kawaida, inayopitisha unyevu, na ikiachwa bila rangi ya juu hunyonya maji kama sponji. Kwa geti la nyumba inafaa. Kwa gari linaloishi bara, pakavu, na kupakwa upya kila baada ya miaka michache, inavumilika. Kwa chasisi ya Mombasa ambayo mwenyewe hataki kuivua bodi tena, ni akiba ya uongo.

Ya pili ni rangi ya kwanza yenye fosfeti ya sinki. Hii ina kemikali inayopunguza kasi ya kutu kweli, na bei yake si ya kutisha. Haina madhara ya risasi na hupakwa kwa brashi. Mtu mwenye bajeti ndogo akiitumia hii na kufuatisha enameli nyeusi mara mbili, atakuwa amefanya jambo la maana.

Ya tatu ni rangi yenye sinki nyingi. Kanuni yake ni ile ya mabati ya nyumba: sinki huliwa kwanza badala ya chuma. Lakini ili hilo lifanyike, chembe za sinki lazima zigusane zenyewe kwa zenyewe na ziguse chuma kitupu. Viwango vya kimataifa vya ISO 12944 vinataka angalau asilimia 80 ya uzito wa rangi iliyokauka iwe unga wa sinki. Ikipakwa juu ya rangi ya zamani, juu ya kutu au juu ya redi oksaidi, haina kazi yoyote zaidi ya kuonekana kijivu. Ni dawa nzuri kwa chasisi iliyokwanguliwa kwa vumbi hadi ikawa nyeupe. Kwa iliyosuguliwa kwa brashi ya waya, ni hasara.

Ya nne, na ndiyo inayofaa zaidi kwa hali ya hapa, ni epoksi ya kuchanganya, yaani mkebe mmoja wa rangi na mwingine wa hadena. Epoksi hukauka kwa kemikali zake mbili kushikana, kwa hivyo utando wake huwa mgumu, hushika sana kwenye chuma, na maji hupenya kwa shida. Haidhuriki kwa mafuta ya injini wala kwa dizeli iliyodondoka. Udhaifu wake mkubwa ni jua: ikipigwa na mionzi kwa muda mrefu hupauka na kutoa unga. Uvunguni mwa gari jua halifiki, kwa hivyo udhaifu huo hauna uzito. Pale panapoonekana, kama ncha za mbele na boriti ya nyuma, enameli au rangi nyingine hupakwa juu yake.

Epoksi hutaka nidhamu. Kipimo cha hadena ni kile kilichoandikwa kwenye mkebe, na kipimwe kwa chombo, si kwa jicho. Hadena ikizidi haikaushi haraka zaidi. Utando hubaki laini au hupasuka. Ikishachanganywa, ina muda wake kabla haijaganda mkebeni, na muda huo hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Mkebe unaosema saa nne kwa nyuzi 20 hautakupa zaidi ya saa mbili adhuhuri ya Februari. Changanya kidogo kidogo. Na koti la pili lina dirisha lake la muda: ukichelewa kulipita, la kwanza huwa gumu na laini mno kushikwa, na lazima lipigwe msasa kwanza.

Kuna pia dawa za kugeuza kutu, zinazofanya kutu iwe nyeusi kwa tindikali ya tanini au ya fosfori. Zina mahali pake: kwenye kona ambayo brashi haifiki, palipobaki kutu nyembamba iliyoshika. Juu ya magamba hazifai kitu, kwa kuwa hugeuza tabaka la juu tu na magamba hudondoka pamoja na rangi.

Rangi ya unga na kuzamisha kwenye sinki

Baadhi ya wenye magari hupendelea rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi. Inapendeza, ni sawasawa, na kwa rimu za magurudumu ni chaguo zuri. Kwa chasisi, shida ni mbili. Haiingii ndani ya boriti, ambako kutu huanzia. Na jiwe likiitoboa, maji hupenya chini yake na kutambaa bila kuonekana, hadi siku ganda zima linapovuliwa kwa mkono kama ganda la yai la kuchemsha.

Njia inayolinda ndani na nje kwa pamoja ni kuizamisha chasisi yote katika sinki iliyoyeyuka, kwenye joto la takriban nyuzi 450. Huko Uingereza, chasisi nyingi mpya za Land Rover za kale huuzwa zikiwa zimefanyiwa hivyo. Anayeifikiria njia hii anahitaji kiwanda chenye beseni linalotosha urefu wa chasisi, na anapaswa kuzungumza nacho kabla ya kukata chochote. Boriti lazima ziwe na matundu ya kutosha ya kupitisha hewa na sinki; maji au hewa ikifungiwa ndani, hupasuka kwa kishindo ndani ya beseni. Chasisi nyembamba iliyochakaa inaweza pia kupinda kwa joto. Na sinki mpya inayong'aa haishiki rangi hadi ichubuliwe kwa dawa yake au iachwe ipauke.

Rangi inayochukua pumzi

Kwa koti la juu, enameli nyeusi ya mafuta inatosha. Hukauka polepole, hurekebishwa kwa urahisi, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya brashi. Zipo rangi ngumu zaidi za poliyurethani zenye hadena, zinazodumisha mng'ao kwa miaka. Hadena zake zina kemikali ziitwazo aisosayaneti. Zikipulizwa hugeuka ukungu, na ukungu huo huweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu. Akishaipata, hata kiasi kidogo sana siku nyingine kinaweza kumbana kifua. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii kitu hapo. Kinachohitajika ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, ndani ya chumba chenye kuvuta hewa nje.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi wake na hatari za namna hii, na gereji ya jua kali nayo ni mahali pa kazi. Ukweli ni kwamba gereji nyingi za mtaani hazina hewa ya bomba. Basi jibu la busara si kumwambia fundi ajikaze. Ni kuchagua rangi nyingine. Hakuna atakayelala chini ya Land Rover kukadiria mng'ao wake. Epoksi ya brashi na enameli ya brashi huilinda chasisi vizuri, bila ukungu wa spreyi. Epoksi nayo huwasha ngozi, kwa hivyo glavu ni lazima, na kazi ifanywe penye upepo. Petroli isitumike badala ya thina: huharibu rangi, na cheche moja ya grainda ya jirani inatosha kuteketeza safu nzima ya vibanda.

Msimu na saa

Rangi nzuri huharibika ikipakwa wakati mbaya. Chuma chenye umande usioonekana hakishiki kitu. Wataalamu hutaka joto la chuma lizidi kwa nyuzi 3 kiwango ambacho umande huanza kujitokeza, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Fundi asiye na vipimo anaweza kufuata saa: asianze kabla ya saa tatu asubuhi, na amalize kufikia saa tisa alasiri ili utando ukauke kabla ya unyevu wa jioni. Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo rafiki wa kazi hii. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua ya masika na upepo wa kusi hufanya kila siku kuwa kamari.

Hesabu inayoshangaza wengi

Lita moja ya epoksi ambayo nusu ya ujazo wake hubaki baada ya kukauka, ikitandazwa kwa unene wa mikroni 50, yaani sehemu 5 za milimita iliyogawanywa mara 100, hufunika mita 10 za mraba. Chukua boriti mbili zenye urefu wa mita 3.5, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 7.5 na kimo cha sentimita 15. Mzunguko wa kila boriti ni sentimita 45, kwa hivyo zote mbili ni kama mita 3.15 za mraba. Ukiongeza boriti za kukatiza na mikono ya pembeni, sema mita 5. Makoti mawili ni mita 10, yaani lita moja vitabuni, na lita moja na nusu ukihesabu inayobaki kwenye brashi na kwenye mkebe.

Tofauti ya bei kati ya lita moja na nusu ya rangi hafifu na ya rangi bora ni ndogo ikilinganishwa na ujira wa kuvua bodi, kuchomelea, kukwangua na kurudisha. Ndiyo sababu kupunguza gharama kwenye mkebe ni mahali pabaya pa kupunguzia.

Kabla ya kila koti, brashi ndogo ipite kwanza kwenye kingo, kwenye mishono ya kuchomelea na kuzunguka matundu. Rangi mbichi hukimbia ncha kali na kuacha utando mwembamba, na kutu huchagua hapo.

Pasipopakwa

Namba ya chasisi ndiyo inayolinganishwa na logbuku. Kwenye Land Rover nyingi za Series imepigwa upande wa kulia mbele, karibu na pale springi inaposhikwa. Ni eneo linaloshika kutu sana, na grainda ikipita kwa pupa namba hufutika. Matatizo yanayofuata na NTSA na polisi ni makubwa kuliko ya kutu. Ipigwe picha kabla ya kazi kuanza, isafishwe kwa brashi laini, ipakwe koti jepesi linaloacha tarakimu zisomeke, na kwa wanaozamisha kwenye sinki ifunikwe kwanza. Kama kipande chenye namba kimeoza na lazima kikatwe, au chasisi nzima inabadilishwa, mwenye gari aende NTSA kabla ya kukata, si baada.

Pasipakwe pia bushi za mpira, nyuzi za bolti, paipu za mpira za breki na pale waya wa ardhi wa betri unapofungwa. Waya huo ukiwekwa juu ya rangi, gari halitawaka, na fundi wa umeme atalipwa kutafuta kosa la mpaka rangi.

Ndani ya boriti

Rangi ikishakauka vizuri, hubaki ule uwazi wa ndani. Nta maalumu ya kuzuia kutu hupulizwa humo kwa mrija mrefu wenye tundu pembeni, kupitia matundu yaliyopo, hadi ianze kudondoka kwenye vijitundu vya chini. Hutambaa kwenye mishono na kubaki laini bila kupasuka. Kwa joto la hapa hupungua polepole, kwa hivyo irudiwe kila mwaka au miwili.

Badala yake, wengi hupuliza oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ni desturi ya zamani na ni kweli kwamba oili huzuia maji kwa muda. Lakini oili chafu ina tindikali na metali kutoka kwenye injini, huvimbisha bushi za mpira, hunasa mchanga, na mvua ya kwanza huiosha barabarani hadi kwenye mikoko ya Tudor na Kilindini. Lami ya uvunguni nayo ina tatizo lake: ikiwa mpya ni nzuri, ikikauka na kupasuka hushikilia maji dhidi ya chuma na kuificha kutu inayoendelea. Anayeikuta kwenye gari la zamani aibandue ili aone kilicho chini yake.

Thina iliyotumika, mikebe yenye masalio ya rangi na maganda yenye risasi yasimwagwe mtaroni wala kuchomwa. Epoksi iliyobaki ichanganywe na hadena yake iache kugandia mkebeni, kwa kuwa ikishaganda haitiririki tena. Thina ihifadhiwe kwenye mtungi uliofungwa. Uchafu ukizama, iliyo juu hutumika tena kuoshea brashi. Wenye shaka kuhusu mahali pa kupeleka taka hizo waulize ofisi ya mazingira ya kaunti.

Baada ya masika ya kwanza, gari lirudi juu ya stendi. Uvungu uoshwe kwa maji ya mfereji, waya upitishwe katika kila kijitundu cha kutolea maji, na kila palipochunwa na jiwe pasuguliwe kwa msasa na kupakwa epoksi kidogo siku hiyo hiyo. Ni kazi ya asubuhi moja.